Nafasi ya Dada Mkubwa

Kipande cha wimbo ambacho vijana wa Dodoma wanakichezea siku hizi kwenye simu zao ndicho kilicholivunja kundi la mama yangu na ndugu zake. Aliyekiimba yuko chumba cha pili hapa nyumbani kwake Makole, shingo imefungwa bendeji, na tangu operesheni hajatoa sauti. Wanaokicheza hawamjui. Jana msichana wa dukani alikuwa ananipimia unga huku simu yake imeegemezwa kwenye mzani, kipande kinarudia na kurudia, naye anatikisa mabega. Nilitaka kumwambia. Nikachukua unga wangu nikaondoka, kwa sababu ningelazimika kuanza na babu.

Babu alikuwa fundi cherehani. Alishuka kutoka milima ya Kondoa akiwa kijana, akaweka cherehani yake kwenye baraza la duka jirani na stesheni ya Dodoma, akashona kanzu, sare za shule na mapazia ya ofisi za serikali. Alikuwa mtu wa msikiti na mtu wa redio, wala hakuona ugomvi kati ya viwili hivyo. Alikuwa na tabia moja ambayo nyumba nzima waliijua. Kila alipokuwa anasafiri kwenda kwao Kondoa, aliacha nguo moja chini ya sindano, imeshonwa nusu. Mwenye nguo akilalamika, babu alimjibu, "Unataka nirudi au hutaki?"

Alikuwa na binti watatu. Mama yangu ni wa katikati. Wa kwanza ni mama mkubwa, wa mwisho ni mama mdogo, na hivyo ndivyo nitakavyowaita. Walijifunza kuimba madrasa, kwenye kasida za maulidi, kisha jikoni, wakifuata santuri walizozisikia kwenye redio ya babu. Disko lilipofika mjini kwetu, wao walilikuta kwenye disko toto, lile la mchana wa sikukuu ambalo wazazi waliruhusu watoto. Mashine ya dijei ilikwama, ukumbi ukaanza kupiga kelele, na mabinti watatu wakapanda jukwaani wakaimba bila chombo chochote mpaka mashine ikapona. Hivyo ndivyo mama anavyosimulia. Mama mdogo alinisimulia kwamba mashine haikukwama hata kidogo. Yeye ndiye aliyechomoa waya.

Habari ilifika barazani kabla wao hawajafika nyumbani. Babu hakupiga mtu. Alimaliza suruali aliyokuwa anashona, akakata uzi kwa meno, ndipo akatoa sharti.

"Asiimbe mmoja peke yake. Mkiimba pamoja ni watoto wangu. Akiimba mmoja, huyo ni mwanamke aliyesimama mbele ya wanaume."

Watoto wengine wangelitafuta tundu kwenye sharti hilo. Hawa walilifuata kama lilivyotamkwa. Bendi zote walizozijua zilikuwa na mwimbaji mmoja mbele na waitikiaji nyuma, na wao hawakuweza kufanya hivyo. Basi wakaupasua mstari wenyewe. Mama mkubwa anaanza neno, kabla hajalimaliza mama anaingia chini yake, mkubwa anaachia, mama mdogo anapokea kwa juu, naye anashikilia mpaka mkubwa avute pumzi na kurudi. Walipokezana kama watu wanaotoa ndoo kisimani kwa mikono, ndoo haigusi chini. Kila mmoja alijifunza vipande vyake tu. Msikilizaji hakuweza kusema ni nani anayeimba, na hilo ndilo lililomridhisha babu, na hilo hilo ndilo lililowafanya watu wajaze kumbi.

Waliitwa binti za fundi. Waliimba kwenye kumbi za reli, Dodoma mjini, Zuzu, Bahi, mpaka Manyoni, wakisindikizwa na babu mwenyewe aliyekaa mlangoni na mkasi mfukoni, mama anasema si kwa ajili ya nyuzi. Gari la redio lilikuja kuwarekodi mara moja, na kwa muda mfupi sauti zao zilisikika kwenye vipindi vya salamu. Nguo aliwashonea yeye, magauni mapana chini kama suruali za bugaluu, kwa vitambaa vilivyobaki kazini. Siku moja bwana mmoja wa ofisini alisimama mstari wa mbele, akawaangalia kwa muda mrefu, akamgeukia mwenzake.

"Hili pazia mimi nalijua," alisema.

Mambo haya sikuyapata kwa mtu mmoja. Kazi yangu ni kusikiliza yaliyorekodiwa bungeni na kuyageuza maandishi, na imenizoesha kutoamini jambo mpaka nimelisikia kwa kila mhusika, akiwa peke yake. Ninavyojua ni kwamba mpaka hapa wote watatu wanakubaliana, isipokuwa kuhusu ule waya.

Kisha mama mkubwa akaolewa na mfanyabiashara wa mifugo, akahamia Chemba. Mwaliko wa ukumbi ulikuwa umeshapokelewa, kwa hiyo mama na mama mdogo wakaenda wawili. Wakaimba nyimbo zilezile, na kila palipokuwa pa dada yao, wakanyamaza. Hawakupajaza. Kumjazia mkubwa nafasi yake ni utovu wa adabu, halafu anayejaza ataimba zamu mbili mfululizo, na zamu mbili mfululizo ni kuimba peke yake. Kwao hesabu ilikuwa wazi. Kwa watu ukumbini ilikuwa ni sauti inayokatika. Wakaanza kumpigia kelele fundi mitambo. Fundi mitambo, maskini, akazunguka na nyaya zake mpaka jasho likamtoka, hakuona kasoro.

Mama mdogo alikuwa bado msichana na alichoka kuchekwa. Walipoalikwa tena, wimbo ulipofika pale juu kabisa, mahali pafupi panapopanda ghafla, akapachukua. Hakumwambia mama kwamba atafanya hivyo. Aliniambia yeye mwenyewe hakujua. Ukumbi uliinuka. Mtu mmoja alikuwa na redio kaseti, akanasa, na kanda ikaanza kunakiliwa, ikapita mkono kwa mkono hadi kwenye mnada wa Chemba, ambako mama mkubwa alikuwa amesimama ananunua chumvi.

Alipanda lori la mbuzi kuja Dodoma. Aliingia barazani, hakumsalimu mtu mwingine.

"Shikamoo, baba. Naomba kuuliza. Mimi nimekufa lini?"

Babu aliweka mkasi chini. Jioni ile aliyataka magauni yote, akayakata foronya. Kundi liliishia hapo, na foronya hizo nimezilalia utotoni, maua makubwa ya kahawia, bila kujua nimelalia nini.

Hawakununiana. Hilo ni gumu kumweleza mgeni. Tangu siku hiyo wamezika pamoja, wameozesha watoto pamoja, wamelala mkeka mmoja kwenye misiba. Hawakuimba tu. Na kwa kuwa kila mmoja alijua vipande vyake peke yake, hakuna aliyeweza kuimba hata wimbo mmoja mzima. Kwenye harusi ya binamu yangu walimlazimisha mama ashike kipaza sauti. Alianza vizuri. Alipofika pa mdogo wake akasimama, mdomo wazi, kichwa kimeinama kidogo upande, anangoja. Watu wakadhani amemaliza, wakapiga makofi.

Mwaka huu mama mdogo aliacha kufunga ushungi wake kwa kulegeza. Aliubana sana, na mama ndiye aliyeufungua kwa nguvu akaona uvimbe. Rovu. Kwetu huku bara si ugonjwa mgeni, bibi za watu wengi wamezeeka nalo, lakini hili lilikuwa limeanza kumkaba akilala. Daktari, kijana mpole, alieleza kwamba litatolewa, na kwamba karibu yake umepita mshipa wa fahamu unaoendesha sauti. Wataulinda kadiri watakavyoweza. Sauti za wengi hurudi. Zipo zinazorudi si zilezile.

"Na kuimba?" mama mdogo aliuliza.

"Kwani mama wewe ni mwimbaji?"

"Hapana," alisema.

Kwenye korido ya hospitali, muuguzi mmoja alikuwa ameegemea ukuta na simu yake. Kipande kile, ambacho mtu tusiyemjua amekitoa kwenye kanda ya zamani. Mama mdogo akapita akiangalia mbele. Tulipofika kwenye gari hakufunga mkanda, alikaa anaufungua na kuufunga ushungi wake.

"Kabla ya kisu nataka niimbe na dada," alisema. "Wimbo ule mzima. Yeye kwenye nafasi yake, mimi kwenye yangu. Mwambieni."

"Mwambie mwenyewe," mama alimjibu.

"Mimi akiniona atakumbuka mnada."

Nilikwenda na mama Chemba siku ya mapumziko yangu. Nilimchukua kwake Zuzu, ambako ana shamba la zabibu, na njia nzima hakutulia. Alifungua dirisha, vumbi likaingia, akalifunga. Alinitaka nisimame anunue vitunguu, nikasimama, akakataa kushuka. Ulikuwa msimu wa upepo, ule upepo wetu mkavu unaopasua midomo. Alikuwa anajaribu mstari wake kwa sauti ya chini, na kila alipofika mahali pa ndugu zake alikatika, akasema kitu juu ya ng'ombe waliokonda kando ya barabara.

Mama mkubwa alitukuta uani kwake kabla hatujabisha.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mmekuja bila kuitwa. Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Basi mnataka kitu. Kaeni mle kwanza, anayeombwa na wenye njaa hana furaha."

Tulikula. Aliniuliza kama wabunge bado wanapiga meza, na kama nako kupiga meza tunakuandika. Nikasema tunaandika makofi. Akacheka mpaka akajifuta macho. Kisha mama akamweleza juu ya rovu, mshipa, na ombi lenyewe. Mama mkubwa alikuwa anamenya karanga, akaendelea kumenya.

"Wajukuu wananichezea kitu hicho hapa uani," alisema. "Nimewaambia wakacheze barabarani. Watu wanasema bibi amekasirika kwa sababu amehiji. Nimewaacha waseme, ni sifa njema. Wewe unajua sikatai kwa sababu hiyo."

"Najua."

"Alipachukua mahali pangu, akapaimba vizuri kuliko mimi. Ningesamehe kama angepaharibu." Akapuliza maganda. "Sasa baada ya miaka yote hii ananiachia. Nikifika nikakuta pameota majani?"

Tulipoaga, mama mkubwa aliingia ndani akatoka na chupa ya asali. "Ya koo," alisema. Hakusema atakuja wala hatakuja. Tulipoifikisha Makole, mama mdogo aliipokea kwa mikono miwili.

"Asali tu?"

"Asali tu."

Aliiweka juu ya kabati bila kuifungua.

Siku zilizofuata sikuweza kukaa mahali pamoja. Kazini nilirudia hotuba moja mara kwa mara bila kuisikia. Nilimpigia mama mkubwa simu, akazungumzia bei ya mbuzi, akakata. Mama alihamia Makole, akaanza kuhamisha vyombo vya watu makabatini. Mama mdogo alijifanya hajali, lakini kila gari likipunguza mwendo mbele ya geti alinyanyuka kufunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa.

Siku moja kabla ya operesheni, asubuhi, mama mkubwa aliingia na kifurushi, bila hodi.

"Geti lenu linalia kama mtoto aliyeachishwa. Hamna mafuta nyumba hii?"

Mama mdogo alisimama mlangoni. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Njoo nikuone hilo rovu." Akaligusa kwa vidole viwili, kama anayepima kitambaa. "Hili nalo umelificha ushunguni. Ungeficha ng'ombe."

Wakakaa uani kwenye mkeka, wanachagua mchele. Nilikuwa nimeandaa kinasa sauti changu kizuri, nimekiweka kwenye kigoda chini ya khanga. Mama mkubwa hakugeuka.

"Kizime. Cha kwanza kilitutosha."

Nikakizima. Kwa hiyo yaliyofuata hayapo popote isipokuwa kwa sisi wanne.

Hawakuanza vizuri. Mama mkubwa alianza juu mno, mama akacheka.

"Dada, kama kuku aliyeona nyoka."

"Wewe anza basi."

"Kuanza si kwangu."

"Enhe. Kumbe unakumbuka."

Akaanza tena, chini zaidi. Sauti ilikuwa na mchanga, lakini ilikuwa imesimama. Mama akaingia chini yake bila kuitafuta. Mama mdogo akapokea juu, kwa shida, mkono mmoja shingoni, na nikasikia kwa mara ya kwanza maishani jambo nililokuwa nimesimuliwa tu, sikujua tena ni nani anayeimba. Mikono iliendelea kuchagua mchele. Bati la jikoni lilipigwa na upepo, nao wakaliacha lipige. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, wakafika pale juu.

Mama mkubwa alivuta pumzi. Hakuimba. Alimwangalia mdogo wake, na mdogo wake akamwangalia yeye, midomo imefumbwa. Mama peke yake akaendelea na sauti yake ya chini, safari hii bila kunyamaza, akalivuka shimo, na wenzake wakamkuta upande wa pili wakaumaliza wimbo.

Kisha mama mdogo akasukuma ungo.

"Mbona hukuimba?"

"Nimekuachia. Si sauti yako ndiyo wanayoitaka hao wa simu?"

"Mimi sikuitaka. Nilikutaka wewe. Dada, kesho wananikata."

"Najua wanakukata. Baba akisafiri aliacha nini kwenye cherehani?"

Mama mdogo aliokota chembe ya mchele mkekani.

"Nakuuliza, we mtoto. Aliacha nini?"

"Nguo."

"Imekwisha?"

"Nusu."

"Basi. Nenda, urudi. Ukirudi utaikuta nafasi yangu nimekaa ndani yake."

"Mimi si nguo," mama mdogo alisema, akaingia ndani akafunga mlango. Hakutoka mpaka wakati wa chakula, na alipotoka alikuwa ameshika chupa ya asali, imefunguliwa.

Sijui kama mama mkubwa alikuwa amepanga hivyo toka Chemba, au alifika pale juu akakuta majani aliyoyaogopa, na cherehani ya babu ikamwokoa. Nimemuuliza. Alinijibu kwamba mimi nizoee kuandika makofi.

Operesheni ilikwenda salama. Rovu limetoka, anapumua vizuri, analala chali. Daktari alimtaka apumzishe sauti, akapumzisha. Anagonga kikombe kwa kijiko akitaka kitu, mara moja chai, mara mbili maji, na akigonga mfululizo ni kwamba mama ameanza tena kuhamisha vyombo. Wiki hii daktari amesema ajaribu kidogo kidogo. Alipojaribu mbele yake ilitoka hewa tupu. Daktari akasema tungoje, koo bado limevimba ndani, ni mapema mno kusema hivi au vile. Tangu hapo hajajaribu mbele ya mtu.

Mama mkubwa hajarudi Chemba. Mumewe anapiga simu, naye anamjibu kwamba mbuzi hawajaulizia habari zake. Kila asubuhi anafagia ua akiimba wimbo ule. Anaanza, anamwachia mama nafasi yake, na mama akiwa karibu anaingia. Wanafika pale juu, na sasa mama mkubwa anapaimba. Sauti inapasuka kidogo katikati, lakini ni pake, anapajua. Halafu inafuata zamu ya mama mdogo, na hapo ananyamaza na ufagio mkononi, anaangalia dirisha la chumba cha pili. Anangoja kadiri ya pumzi moja. Kisha anaendelea kufagia.

Leo asubuhi nilikuwa kwenye korido, nimesimama kati ya ua na chumba, nimechelewa kazini. Mama alikuwa jikoni. Mama mkubwa aliimba mpaka pale, akapapita, akanyamaza. Nyuma ya mlango wa chumba cha pili nikasikia pumzi ikivutwa, ndefu, pumzi ya mtu anayejiandaa kushika kitu juu. Nilisogea.

Maji yakatoka. Ilikuwa siku ya zamu ya maji mtaani kwetu, na bomba lilikuwa limeachwa wazi juu ya tangi tupu. Yaliangukia kitako cha lile tangi la plastiki kwa kishindo kilichoijaza nyumba nzima, majirani wakaanza kuitana na ndoo, na mama akapita mbio mbele yangu. Nilikimbilia bomba nikalifunga. Kukawa kimya. Mlango wa chumba cha pili ulikuwa umefungwa kama ulivyokuwa.

Nilimkuta mama mkubwa bado amesimama uani, amekumbatia ufagio, macho yako dirishani.

"Umesikia kitu?" nilimuuliza.

Akanyanyua kidole nisiseme.